Jiwe la Kilo Kumi

Jembe la Raheli liligonga kitu kikalia. Alikuwa amepiga magoti ndani ya shimo katikati ya mto Ndurumo, ambao ukifika mwezi wa saba hauna maji ya kuteka, una maji ya kufukua, na kila mwanamke wa kijiji ana shimo lake na analijua. Mchanga haulii. Kabla ya kuangalia amegonga nini, Raheli aliangalia kwanza nani yuko karibu, maana ndivyo alivyoumbwa, mtu wa kutilia shaka hata salamu. Kisha akafukua kwa mikono.

Kilitoka kidude cha duara, kimegandwa na tope na kutu ya kijani, kinene kama kopo la maziwa ya unga, na juu kina kirungu kama cha kifuniko. Kilikuwa kizito kuliko umbo lake. Alikitumbukiza kwenye ndoo, akakizamisha kwa maji ya matope, akajitwika na kuondoka bila kuaga mtu.

Siku hiyo hakuwa na nafasi ya mambo ya ajabu. Mchana lori la pamba lilikuwa linakuja, na yeye alikuwa na magunia matano aliyoyashindilia kwa miguu yake. Ndani ya magunia hayo mlikuwa na ng'ombe. Tangu dume lake moja life, lile lililobaki lilisimama zizini likila bure, kwa sababu nira inataka wawili, na Raheli alikuwa amelima misimu miwili kwa jembe la mkono mpaka kiuno kikakataa kunyooka. Mwaka jana nao alikuwa na magunia matano. Yalipopimwa yalitoka mepesi kama yamejazwa manyoya ya kuku, na ng'ombe akabaki mnadani. Siku hizi dukani kuna kila kitu, sabuni za rangi tatu, redio, vitenge vya Kongo. Kilichopungua ni uzito wa pamba.

Alipofika nyumbani, hata hajatua ndoo vizuri, Antipasi akatokea, afisa mtendaji wa kijiji, koti begani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Nani amekuita?"

"Napita tu. Watoto waliokuona mtoni wanasema umeokota mali ya Mjerumani." Alichungulia ndoo, macho yakamtoka. "Mama, usikisugue! Hicho kirungu ndicho kifuniko. Ndani mna mekyuri, zebaki ya bei mbaya. Ukisugua inakimbia. Matajiri wa Arusha wanakitaka na uchafu wake hivyohivyo."

"Umewahi kumwona mtu aliyeuza?"

"Mimi? Shemeji yangu wa Itigi anamjua mtu aliyemwona." Akashusha sauti. "Nitakupa mbuzi. Jike."

Raheli alimtazama. Mtendaji ambaye miaka yote huja na kitabu cha michango, leo anakuja na mbuzi? Kama kitu hiki ni cha mbuzi mmoja kwa Antipasi, basi kwa mwenye akili ni cha ng'ombe.

"Nitafikiri," alisema, na mtendaji alipopotea kwenye kona, akachukua ukwaju, majivu na kipande cha gunia, akaanza kusugua.

Alisugua mpaka vidole vikawaka. Tope lilitoka, kutu ikaanza kuachia, na shaba ikachungulia, ya manjano. Akatokea ndege mwenye mabawa yaliyotanuka. Chini ya ndege, maandishi: 10 KILO. Raheli alipapasa kirungu, kidole kikaingia kwenye pengo dogo upande mmoja, pengo alilolijua.

Lilikuwa jiwe la mizani la ushirika. Alikuwa ameliona tangu usichana wake. Mjerumani aliliacha, ushirika ukalirithi, na kila asubuhi ya msimu, kabla ya gunia la kwanza, karani alilitundika kwenye mizani mbele ya wakulima wote. Mshale ukigota kwenye kumi, watu huitikia, "Haya, pima!" Ushirika ulipokufa, mwaka juzi, jiwe lilipotea, ikasemwa wezi wamevunja ghala. Ila mwizi wa shaba huiuza. Huyu aliitupa mtoni. Aliyelitupa hakutaka fedha yake. Alitaka lisionekane tena.

Na karani wa ushirika alikuwa Enock, ambaye siku hizi anaipimia kampuni yenye lile lori la pamba.

Hata hivyo, Raheli hakuliamini hata jiwe lenyewe. Alilifunga kwenye kanga akaenda nalo zahanati, kwa kuwa ilikuwa siku ya kliniki na mizani ya watoto ilikuwa inaning'inia kibarazani. Selina, jirani yake, alikuwa anamtoa mwanawe kwenye kile kisuruali cha kupimia.

"Tisa kamili," alisema nesi Dorkas akiandika kwenye kadi. "Anayefuata!"

"Nipimie na huyu," Raheli alisema, akafungua kanga.

Dorkas alicheka. "Ananyonya bado?" Lakini alilipima. Mshale ulitikisika, ukatulia juu ya kumi, bila kuzidi wala kupungua.

Lori lilikuta foleni imefika barabarani. Enock alikuwa mbele ya ghala, penseli sikioni, mizani ikining'inia kwenye mlingoti. Raheli alipita foleni nzima na jiwe lake, Selina nyuma yake na mtoto mgongoni.

"Shemeji, kabla hujapima, tundika hili. Kama zamani."

Enock alilitazama kwa muda mfupi kuliko mtu anavyotazama kitu kigeni. Watu walishasogea, hakuwa na pa kukimbilia. Alitundika. Mshale ukasimama kwenye nane na nusu.

"Si unaona," alisema, akijaribu kutabasamu. "Hili limekaa mtoni miaka miwili, shemeji. Limeliwa."

"Si ilisemwa wezi wameliiba? Nani amekuambia limekaa mtoni miaka yote miwili?"

Huenda hapo ndipo mambo yangenyooka, lakini Antipasi alijipenyeza, akalidaka jiwe kwenye ndoano na kulifunika kwa koti. "Hii ni mali ya kale! Mali ya serikali! Itakwenda wilayani!" Akaondoka mbiombio, na waliokuwa nyuma walimwona akilitikisa sikioni, anasikiliza kama mekyuri bado imo.

Ndipo Selina alipomfungua mwanawe mgongoni. Alifunga mbeleko kwenye ndoano, akamkalisha mtoto ndani yake, akainua kadi ya kliniki juu watu waione. Tisa. Mshale ulisema saba na nusu na ushee.

"Huyu naye kaliwa na mto?" aliuliza.

Watu walilipuka. Wengine walicheka, wengine waliokota mawe. Dereva akawasha lori, na wenye mawe wakasita, maana mnunuzi mwingine hayupo kutoka hapo mpaka mjini. Enock akainua mikono. "Mizani imechoka tu! Niacheni niirekebishe. Nusu saa!"

Katika nusu saa hiyo alimvuta Raheli nyuma ya lori. Alikuwa anatokwa jasho. "Shemeji, nina watoto kama wewe. Kampuni ndiyo inaniletea mizani hivi ilivyo. Pamba yako nitaipima sawasawa, kilo kwa kilo. Ukanunue ng'ombe wako. Nyamaza tu."

Raheli alitaka kumtemea mate. Aliufungua mdomo kabisa. Kisha akaiona kichwani nira inavyoning'inia ukutani kwake, akasikia kiuno chake kinavyouma, na aibu ikampanda mpaka masikioni kabla hata hajajibu. Akaufunga mdomo, akaenda kuyasogeza magunia yake. Enock alielewa.

Magunia yake yalipimwa ya kwanza. "Themanini na sita! Themanini na nne!" Akalipwa papo hapo, na foleni ikashangilia. Kama Raheli, asiyeamini hata kivuli chake, ameridhika, basi mizani imepona, na waliokuwa na mawe wakayaacha yaanguke.

Enock akajifuta jasho kwa leso, na mkono ukapita nyuma ya mizani, ukakaa kidogo. Raheli aliuona. Gunia la Selina, ambalo walilishindilia pamoja juzi, likapanda.

"Sabini na moja."

Selina hakumtazama Enock. Alimtazama Raheli, na foleni yote ikageuka kumtazama, ikisubiri.

"Haya, shemeji," Enock alisema kwa sauti ya watu wote. "Wewe ndiye mwenye macho. Mizani iko sawa, haiko sawa?"

Raheli alikaza fundo la kanga yenye fedha.

"Iko sawa," alisema.