Amana Ndani ya Ndoo ya Mchele

Kila asubuhi Rehmat aliisogeza kwanza amana ya watu, ndipo akachota mchele. Ilikuwa mfuko wa kitambaa uliofungwa mafundo matatu, mzito kwa udogo wake, na kwa wiki tatu alikuwa hajaufungua. Kwao Tanga, kabla hajahamia ng'ambo, wanawake wa jamii yake waliwekeana dhahabu namna hiyo hiyo, na aliyechungulia amana ya mwenzake hakualikwa tena harusini. Kwa hiyo Nyaboke wa mlango wa pili alipomletea na kumwambia, "Niwekee, Mama Sidra, usimwambie mtu," Rehmat aliwaza bangili, akaupokea kwa mikono miwili.

Asubuhi hiyo Sidra alibandua barua ya wenye jengo mlangoni, akamweleza mama yake kwa Kiingereza, kama kawaida yake, kwamba silaha ikikutwa ndani ya nyumba yoyote, wote wanaoishi humo watatolewa. Rehmat alisema vizuri, watolewe. Sidra akachukua mkoba wake akaenda shule.

Lifti ilikuwa imekufa tangu Jumatatu. Rehmat akashuka ghorofa kumi na moja kwa miguu hadi ukumbini. Siku hiyo kazini, kwenye jiko la nyumba ya wazee, hakwenda na hatalipwa, maana kila mzazi alitakiwa kuhudhuria mkutano kuhusu kijana wa miaka kumi na sita aliyeuawa kwa risasi kwenye maegesho ya magari.

Ofisa wa usalama alikuwa kijana nadhifu, mwenye picha nyingi za kuonyesha ukutani. Alisema chanzo cha yote ni michezo ya vita ambayo watoto wanaicheza kwenye televisheni. Mzee mmoja akauliza kwa nini chumba cha vijana kimefungwa mwaka wa pili sasa. Ofisa akajibu kwamba bajeti haiko kwake. Mwingine akauliza mtoto wa miaka kumi na sita ameuawa kwa bunduki iliyotoka wapi. Hilo ni suala la mpakani, alisema, lina wahusika wake. Kisha akaonyesha sanduku kubwa: mzazi atakayetia humo mashine ya michezo atapewa cheti na kupigwa picha. Mtu ungedhani kijana yule aliuawa na televisheni.

Nyaboke akasimama na mashine ya mwanawe, Momanyi, imeviringishwa kwenye kanga. Akaitumbukiza sandukuni huku analia, watu wakampigia makofi. Aliporudi kukaa, hakumtazama Rehmat hata kidogo.

Hapo ndipo Rehmat alipoanza kuhesabu siku. Kijana aliuawa Alhamisi usiku, wiki tatu zilizopita. Mfuko ulikuja Ijumaa, kabla ya jua. Na Nyaboke, msafisha ofisi mwenye hereni za plastiki, dhahabu ameitoa wapi? Rehmat alijionea aibu kwa ujinga wake, kisha aibu ikageuka hofu.

Mkutano ulipokwisha alimfuata ofisa, akamuuliza kwa sauti ya chini kama wanapokea na vitu vingine.

"Leo ni michezo tu, mama. Kwa mengine piga simu polisi, utoe jina na namba ya nyumba."

Akapanda ghorofa zote kumi na moja bila kupumzika. Jikoni aliingiza mkono ndoani, akaubinya mfuko bila kufungua fundo. Vidole vyake vikapapasa mtutu. Akakaa sakafuni kati ya jiko na ndoo. Alimchukia Nyaboke, na papo hapo alimhurumia, maana yeye naye angefanya nini kwa wa kwake? Akiita polisi, atapoteza nyumba aliyoisubiri miaka tisa kwenye orodha ya serikali. Akirudisha mfuko, utaishia mkononi mwa Momanyi, kijana wa miaka kumi na tisa. Alibaki palepale mpaka saa nane na nusu, akidhani bado ana muda wa kuamua.

Mlango ukagongwa. Alikuwa Nyaboke, mdomo wake umevimba upande mmoja. Nyuma yake alisimama Momanyi, mrefu, kofia ya koti imemfunika mpaka kwenye nyusi.

"Mama Sidra," alisema Nyaboke, "naomba ile amana yangu."

Rehmat hakuwahi kuikana amana ya mtu maishani mwake. Mwenyewe akidai unampa, hata kama ni usiku wa manane, ndivyo alivyofunzwa na ndivyo alivyoamini.

"Amana gani?" alisema.

Nyaboke akafumba macho, mabega yakamshuka kama mtu aliyetuliwa mzigo. Momanyi hakupaza sauti. Alitazama juu ya kichwa cha mama yake mpaka jikoni, akatulia huko kidogo, kisha akatabasamu. Miaka yote hiyo Rehmat alikuwa hajamsikia akisema neno la Kiswahili.

"Anti," aliuliza kwa adabu, "Sidra hutoka shule saa ngapi?"

Rehmat alifunga mlango, akatia komeo na mnyororo. Alimpigia kwanza Sidra: akae ofisini kwa walimu, asitoke na mtu, asipande basi mpaka amwone yeye. Sidra, safari hii, hakubisha. Kisha akapiga simu polisi.

Sauti ya mwanamke ikamuuliza jina, akalitaja. Ikamuuliza namba ya nyumba. Rehmat akatega sikio mlangoni. Kule kwenye korido kulikuwa kimya, hakusikia hatua za mtu akiondoka. Akaitaja, tarakimu moja moja.

Yule mwanamke akamshukuru, akamwambia yeye ni raia mwema. Rehmat akaweka simu mezani, akaburuta masanduku kutoka chini ya kitanda, akaanza na nguo za Sidra.