Ziwa la Mrithi

Kasri lile lilikuwa na desturi iliyogombanisha watu kuliko ardhi. Mwanamke aliyemnyonyesha mrithi, jamaa zake wote walihesabiwa ndugu wa mfalme kwa ziwa, na mtoto akija kutawala, hao ndio waliopewa askari, mashamba na milango ya kulinda. Kwa hiyo malkia alipojifungua akashikwa na homa, maziwa yakamkauka, nyumba mbili zilifurahi bila haya.

Ya kwanza ilikuwa ya Shangazi, mjane wa mweka hazina. Alikuwa na binti wa kaka yake mwenye mtoto mchanga na maziwa tele. Walimwita Kimya, maana tangu utotoni hakuwahi kubishana na mtu. Hakuna aliyemuuliza kama anataka. Mumewe alikwisha kushonesha joho la mkuu wa lango, na kila jioni alilijaribu mbele ya kioo.

Kikwazo kilikuwa mtoto wa Kimya. Kasri halikuruhusu ziwa la mrithi liwe na mshirika. Shangazi akaingia chumbani, akaweka kichupa cha shubiri juu ya sanduku la nguo.

"Jipake hii. Akionja mara moja tu, hatarudi tena."

"Hajajua hata kukaa, shangazi."

"Atakunywa ya mbuzi. Mbuzi wamejaa tele hapo nje, nao hawana kazi nyingine. Wewe unayo."

Kimya akakichukua kichupa. Shangazi akatoka ameridhika. Kwake yeye, kunyamaza kwa yule binti kulikuwa ndiyo yake.

Siku ya uteuzi walikutana na wapinzani wao katika ukumbi wa kungojea, mazulia mazito na viti vya kuumiza mgongo. Bibi Mazizi, mke wa msimamizi wa farasi wa mfalme, alimleta mke wa mwanawe, msichana mnene aliyekuwa akisinzia. Wazee hao wawili walisalimiana kwa kushikana mikono na kuulizana afya, kisha Bibi Mazizi akavuta pumzi.

"Shoga, mmejipaka nini leo? Tangu mlangoni tunapiga chafya."

"Bora chafya," alisema Shangazi. "Wengine wamekuja na harufu ya kazini kwao."

Kimya aliomba kwenda msalani. Aliporudi, mlango wa ndani ulikuwa umefunguliwa.

Mama Mfalme mwenyewe ndiye aliyempakata mrithi. Mtoto alikuwa ameachwa na njaa makusudi, na sauti yake ilikwisha kukauka kwa kilio. Alipopewa Kimya alilidaka titi kwa pupa, akanyonya, akakunja uso mzima, akatema. Wakamrudisha; akajipinda kama anayeungua. Titi la pili, vilevile. Kwa mke wa mwana wa Bibi Mazizi alinyonya mpaka akalala, na yule msichana naye nusura alale.

"Mtoto kachagua," alisema Mama Mfalme, na habari ikaishia hapo.

Nje ukumbini Shangazi alimvuta Kimya nyuma ya nguzo, akapitisha kidole kifuani pake, akakiramba. Uso ukamkunjika.

"Shubiri."

"Uliyoniletea mwenyewe, shangazi."

Shangazi aliinua mkono, kisha akauona ukumbi umejaa watu. Kwa sheria ya kasri, aliyemlisha mrithi kitu kichungu alikatwa kichwa, na ukoo wake ulifuata. Bibi Mazizi alikuwa akija, uso umemnawiri, akauliza kulikoni, mbona shoga yake kakunja uso. Shangazi alimeza mate yake machungu, akatabasamu, akampa hongera.

Bibi Mazizi alipoondoka, Shangazi alisema kwa sauti ya chini, "Usikanyage tena nyumbani kwangu."

"Mwanangu yuko huko. Nikimchukua, hutaniona."

Shangazi hakuwa na la kumfanya, na wote wawili walilijua hilo.

Kule nyumbani mume wa Kimya alikuwa amekaa kitandani na joho magotini. Aliuliza sasa yeye atakuwa nani. Kimya alimwambia amuulize Shangazi, akaenda kwenye pipa la maji uani, akajisugua kwa majivu na kitambaa mpaka ngozi ikawasha. Kisha akamtwaa mwanawe, aliyekuwa amegoma kunywa ya mbuzi tangu asubuhi.

Mtoto alionja, akakunja uso, akamtazama mama yake kwa hasira. Halafu akaendelea kunyonya.