Kamba za Adey

Mimi Nzioka, fundi wa pampu za visima, mtu wa Kitui, na mdomo wangu hauna breki. Nilipomwona Kulow akipitisha ngamia wake mbele ya foleni pale kisimani, nje kidogo ya Hadado, nilimfokea mbele ya watu wote: "Rudia hiyo uone kama sitakuua!" Akacheka, nami nikacheka. Ulimi huponza kichwa, walisema wazee, lakini mimi nilidhani hayo ni maneno ya kuandikwa kwenye leso.

Asubuhi yake Kulow alikutwa kando ya birika la maji, ameshapoa, kichwa kimepasuka, na spana yangu kubwa ina damu. Jua halijapanda vizuri nami nimeshatiwa pingu. Nilimweleza inspekta kwamba spana hiyo hulala karibu na injini kila siku, yeyote anaweza kuichukua. "Utayasema mahakamani," akanijibu. Niliogopa, nisidanganye.

Ndipo akaja Deka, mama yake Kulow, ameshikwa mkono na Jelle, mdogo wa marehemu. Jelle alisema ndiyo kwanza ameshuka kwenye lori kutoka Wajir. Nilijikaza nikingoja laana ya mama. Deka hakunitazama. Alisimama mbele ya Adey, ngamia jike mweupe wa Kulow, akamwangalia kiwele kwa muda mrefu.

Watu wa huku hufunga chuchu mbili za ngamia kwa kamba nyembamba, ndama asije akamaliza maziwa yote. Alfajiri mchungaji hufungua, hukamua, kisha hufunga tena. Kiwele cha Adey kilikuwa kimenywea, na kamba zimefungwa vizuri.

Inspekta akaniamuru nipande gari.

"Ngoja, afande," Deka akasema, kwa Kiswahili. Angeweza kusema Kisomali, na jambo likabaki nyumbani kwao. "Hii ngamia imekamuliwa leo. Kulow amekufa usiku. Nani amekamua?"

Akanivuta na pingu zangu hadi ubavuni mwa Adey. Sikuwahi hata kunyoosha mkono. Teke lilinitupa kwenye matope, na inspekta akaruka nyuma kofia ikimdondoka. Siku nyingine ningecheka.

"Fundi hapana," Deka akasema. "Hii inakubali watu wawili tu. Wote wawili nimezaa mimi."

Nilielewa anachokifanya mama yule, na Mungu ni shahidi, mimi niliyekuwa naelekea jela nilitamani anyamaze.

Adey alimsogelea Jelle, akamnusa shingo, akatulia. Jelle akaanza kulia.

"Kulow alikataa tumuuze Adey, hooyo, mama yangu. Nilishikwa na hasira. Halafu alfajiri kiwele kimejaa, Adey analia. Ningemwachaje?"

"Hungemwacha," mama yake akasema. "Ndivyo tulikufundisha."

Pingu zilitoka mikononi mwangu zikaingia mikononi mwa Jelle. Jelle aliinama, Deka akamfuta machozi usoni kwa ncha ya shungi lake, kisha akamwachia aende. Nimeona mto Tana ukibeba nyumba na ng'ombe, lakini sijawahi kuona kitu cha kunitisha na kuninyenyekeza kama mama yule.

"Mama," nikamwambia gari lilipoondoka, "kwa nini hukunyamaza?"

"Wewe mgeni yetu," akasema. Sauti ilimkatika, akaianza tena. "Washa injini, fundi. Wanyama iko na kiu."

Nikawasha.

Jioni Adey alirudi kiwele kimejaa, akasimama pale alipozoea kukamuliwa, akalia. Wale wawili waliomkamua hawakuwapo tena. Deka alimsogeza ndama, na Adey alipotulia akinyonywa, alifungua kamba zote, akaziweka mfukoni, akamwachia ndama chuchu zote nne.