Machicha Chini ya Ngazi

"Lamba!" Geng alikuwa akipiga kelele. "Kama si yenu, lamba tuone!"

Alishika kandambili ya mke wa mwanawe, imegandwa na machicha meusi ya dawa za mizizi, akimsogezea Peiyun usoni. Geng anakaa chumba cha chini na anachinja nguruwe sokoni, na shingo yake ukiiweka karibu na ya nguruwe utahitaji kuuliza ipi ni ipi. Peiyun ni mwembamba kama tambi, lakini hakurudi nyuma hata hatua moja.

"Mzee Geng, toa uchafu wako mlangoni kwangu. Mwanangu anatibiwa kwa dripu. Humu hakuna mizizi."

"Basi imetembea yenyewe? Mke wa mwanangu ana mimba ya miezi saba, kaikanyaga! Ugonjwa wa mtoto wenu mnataka aubebe mjukuu wangu?"

Hapo alikuwa na haki ya kukasirika. Machicha ya dawa humwagwa njiapanda, kila apitaye akanyage, aondoke na kipande cha ugonjwa. Njiapanda, lakini. Si chini ya ngazi za watu.

Mimi niliacha mikate yangu ya kuuza kwenye mvuke nikapanda mbio. Jengo ni langu, vyumba vya juu nimewapangisha wazazi wenye watoto hospitali ya ng'ambo ya barabara, na ugomvi nisiouona kwa macho yangu huniuma kuliko jino.

"Geng, shusha sauti. Mtoto amelala."

"Wewe Lian nyamaza! Kwa tamaa ya kodi umetujazia jengo maiti!"

Neno hilo lilitosha. Peiyun alikuwa na sufuria mkononi, ile anayochemshia bakuli na vijiti vya mwanawe Miaomiao kabla ya kila mlo, na maji bado yalikuwa yanatokota. Alimmwagia miguuni. Geng akalia kama wale anaowachinja, kisha akamkaba koo akambamiza ukutani mpaka chokaa ikadondoka.

Guoshun, mume wa Peiyun, ndiyo kwanza anapanda ngazi kutoka kusambaza vyakula kwa pikipiki. Hakuuliza kitu. Alimtandika Geng helmeti ya sikio. Geng, mkono mmoja bado kooni mwa Peiyun, akageuka na ngumi, na jino la Guoshun nililisikia kabla sijaliona. Liliruka ngazi tatu. Nikajitupa katikati nikala kiwiko cha jicho. Wiki nzima wateja waliniuliza ni mume gani kanipiga, na mimi ni mjane, mwaka wa kumi na moja sasa.

"Mwacheni! Ni mimi!"

Alikuwa Bibi Hao, mamake Guoshun, amesimama ngazini na chungu cha udongo chini ya aproni. "Nimemwaga mimi. Magoti hayanifikishi njiapanda."

Geng alimwachia Peiyun. Peiyun akakohoa, akauliza polepole, "Umemwaga nini, Mama?"

"Mizizi ya kuotesha nywele za mtoto. Zirudi nyeusi kama zamani. Siku arobaini tu, nimempa kidogo kidogo."

Siku arobaini. Miaomiao ana miaka mitano na saratani ya damu. Dripu zilikuwa zinaishinda vizuri, kisha ini likaanza kuharibika bila sababu, na daktari akazisimamisha mara mbili. Mara mbili aliuliza: mnampa kitu kingine? Mara mbili Peiyun akaapa kwa roho ya mwanawe kwamba hapana. Sasa ugonjwa ulikuwa unarudi, na daktari alishasema vipimo vya ini visiposhuka hatathubutu kuzifungua tena, wamrudishe mtoto kijijini.

Peiyun alikipokonya kile chungu akakipasulia ukutani. Akamkamata mkwewe mvi zake.

"Ulikuwa unamuua! Nikienda kazini, unamuua kwa kijiko!"

Alimpiga kofi, na la pili, na la tatu. Bibi Hao hakuinua mkono. "Piga," alisema, damu inamtoka puani. "Piga, mwanangu."

Guoshun, mdomo umejaa damu, akainua ngumi juu ya mkewe. Geng akaidaka hewani.

"Mimi nilikuja kuwapiga, sikuja kuwatazama mkiuana. Shusha."

Mlango ukafunguka. Miaomiao, barakoa usoni, kichwa kitupu kama yai.

"Mama, usimpige Bibi. Ile dawa chungu nilikuwa nainywa yote. Bibi alisema nywele zikirudi utaacha kulia."

Peiyun akaziachia zile mvi. Alisimama anahema, kisha akamnyooshea Geng mkono.

"Nipe hiyo kandambili."

"Ya nini?"

"Daktari aione mizizi yenyewe."

Geng akampa. Akafikiri kidogo. "Nyingine iko chini, nayo imeshika. Chukua zote."

Daktari hakumbembeleza mtu. Alisema mizizi hiyo ndiyo inayochoma ini, tena mbele ya wagonjwa wote, akatoa siku nane bila tone la kitu kingine, kisha apime.

Siku hizo nane Bibi Hao alilala kwangu, nyuma ya magunia ya unga, maana godoro lake Peiyun alilitupa kupitia dirishani. Kila wakati wa mlo mama wa watu alipanda akakaa nje ya mlango wao, anasikiliza kama mtoto anakula. Peiyun akimruka kama anavyoruka ndoo. Siku ya nne Geng, miguu imefungwa bendeji, alileta maini ya nguruwe ili ini la mtoto lijengeke. Nayo yalipita dirishani. Mbwa wa mtaa walitoana damu wakiyagombania.

Siku ya tisa Peiyun alirudi na karatasi ya majibu, uso uleule. Akasimama juu ya Bibi Hao, aliyekaa palepale mlangoni.

"Vipimo vimeshuka. Dripu Jumatatu."

Bibi Hao akaanza kujipiga mdomo kwa ngumi, kwa nguvu, mpaka midomo ikapasuka. Peiyun akamkamata mkono akaubana.

"Inatosha."

Akaingia, akafunga mlango. Nikiwa ngazini, nikasikia kisu kikipiga ubao wa jikoni, kikali, kana kwamba kuna mtu pale chini yake. Nikasikia mafuta yakichachatika. Kisha mlango ukafunguliwa tena.

"Mama, ingia ule, tambi zinavimba. Kijiko cha mtoto nitakishika mimi."