Siku Tuliyoshuka Farasini

"Shukeni," kamanda alisema, na hakuna aliyeshuka.

Tulikuwa watu kumi na tisa juu ya farasi kumi na tisa, mvua ya kwanza ikitulowesha migongo, na kila mmoja wetu alijifanya hakusikia. Farasi hao tuliwateka kutoka kwa wavamizi waliokuwa wakija kuchoma vijiji vyetu kule Sudan Kusini, tukajifunza kuwapanda kwa kuanguka. Miaka miwili tuliitwa kikosi cha farasi. Sasa kamanda alitaka watu wa kukaa kwenye mahandaki.

"Farasi watapelekwa kaskazini, nchi kavu," akasema tena, safari hii kwa upole. "Mvua ikiisha mtarudishiwa. Koang na wenzake wawili watawapeleka."

Nilishuka. Farasi wangu, jike jeupe niliyemwita Yar, aligeuza shingo akanitazama, kana kwamba nimedondosha kitu na nitapanda tena. Nikampa Koang hatamu.

"Hapendi kufungwa pamoja na madume," nikamwambia.

"Najua, Malith. Ulipougua nani alimlisha?"

Tuliagana hivyo. Mvua ile ikaisha, ikaja nyingine, na Koang hakurudi.

Tukapigana kwa miguu. Usiku ndani ya handaki mapaja yangu yalikuwa yakikaza yenyewe, yakitafuta mbavu za Yar zilizokuwa mbali. Nimewazika wenzangu wengi, lakini nikisema kweli, kwa miaka mingi aliyenijia ndotoni alikuwa yule farasi. Watu walipoanza kusema Koang amewauza farasi, mimi ndiye niliyesema kwa sauti kubwa kuliko wote. Hasira ilikuwa nyepesi kubeba kuliko hamu.

Miaka ishirini na sita ikapita. Siku hizi nina duka la vitenge Kakuma, kambi ya wakimbizi huku Kenya. Mwezi wa pili simu ikaita, na mwanamke akajitambulisha kuwa Jeptoo, muuguzi wa hospitali ya Lodwar.

"Kuna mzee hapa wodini anaita jina yako," alisema. "Anaitwa Koang. Hana mtu. Namba yako nimepewa na mgonjwa wa Kakuma."

Mke wangu, Awut, aliniona nimesimama na kitambaa nusu kimekatwa. "Nenda," alisema. "Ukamtukane mwenyewe, utuache sisi tupumzike."

Nilidandia lori la mbuzi hadi Lodwar, nikipanga maneno njia nzima. Kwenye kitanda cha mwisho nikakuta mifupa na macho. 

"Uliniita mwizi?" Koang akauliza.

"Ndiyo. Mbele ya watu wote."

"Hata mimi ningesema hivyo."

Kisha akanisimulia, akipumzika kila baada ya sentensi. Njia ya kaskazini ilikuwa imefungwa na vita, wakapita msituni, na msitu ule ulikuwa na mbung'o. Farasi walianza kukonda, macho yakitoa machozi, wakaanguka mmoja mmoja. Wale wenzake wawili walipoona hivyo wakaenda makwao.

"Yar alibaki mwisho. Tulitembea siku nane, mimi na yeye."

"Ulimpanda?"

"Alikuwa wako," akasema.

Nilitazama dirishani. Nje, mikoma, mitende ya kando ya mto Turkwel, ilikuwa ikitikisika kwenye vumbi.

"Alipoanguka, watu walikuja na visu," akaendelea. "Kwa farasi wengine niliwaacha wachukue nyama, maana njaa ilikuwa kali. Kwa Yar nilikataa. Halafu ningerudi kwenu na nini, Malith? Na kamba?"

Nilikuwa nimeitunza hasira ile kama mtoto, na sasa sikujua niiweke wapi. Nilichoweza kuuliza ni kitu kimoja tu.

"Bado alikuwa analaza sikio moja?"

"La kushoto," Koang akasema, na sote wawili tukageuza nyuso.

Baada ya wiki mbili nilimchukua hadi Kakuma. Awut alimtandikia godoro kivulini. Mimi nikazunguka kambi kuwatafuta watu wa kikosi chetu waliobaki, watatu tu, nikamwambia kila mmoja kwamba nilimsingizia Koang. Wawili walikuja. Hatukuzungumza habari za vita. Kila mmoja aliuliza farasi wake alianguka wapi, na Koang alikumbuka wote: huyu chini ya mkwaju, yule kwenye kichuguu. Waliondoka taratibu, kama watu watokao matangani.

Wa tatu, Kuol, alikataa. Aliniambia nisimletee uongo mpya.

Koang alikuwa amebakiza siku chache za kuishi nilipomwona Kuol amesimama nje ya ua wa miiba, mikono nyuma. Hakusalimia mtu.

"Na wangu?" akauliza.

Koang akajiinua kwa kiwiko. "Karibu na kijito. Alikunywa maji kwanza."

 Kuol akavua viatu, akaingia, akakaa chini.