Pembe Nne za Jiwe Jeupe

Kule bondeni walimwita Ulimi, kwa sababu kila jiwe jeupe alilochimbua alilitia mdomoni. Likinata ulimini na kuwa jepesi kama mkate mkavu, hilo ndilo lenyewe, daiatomaiti, jiwe la kuchujia maji viwandani. Lisiponata, chokaa tu, tupa kule. Miaka minane alichimba mashimo ya watu. Sasa alikuwa amepata tabaka lake mwenyewe, refu kupita kimo chake, ukingoni mwa mto uliokauka zamani, na alichotaka duniani ni kimoja tu: leseni yenye jina lake.

Kaka yake, karani, alikuja na simu ya kupimia mipaka.

"Simama kwenye pembe, mdogo wangu. Usitikisike, namba zitaruka."

Ulimi akasimama kama kigingi, jua la utosi, pembe ya kwanza mpaka ya nne. Kaka akasoma namba, akaandika.

"Karatasi niachie mimi. Wewe na kalamu ni paka na maji."

Wakacheka.

Wiki tatu kimya. Ulimi akaenda mwenyewe ofisi ya madini. Dada wa dirishani akafungua ramani kwenye kompyuta. Eneo lile lilikuwa limeshapakwa nyekundu.

"Hapa pana mwenyewe," akasema, akataja jina. La kaka. Peke yake.

Alimkuta kaka nyumbani anakata kucha.

"Umenizunguka."

"Tulia. Huna cheti hata cha darasa la saba, wangekukataa."

"Nimeuliza. Hawataki cheti. Wanataka kitambulisho na pembe nne. Nani alisimama juani?"

Kaka akapuliza kucha. "Nitakupa usimamizi. Wachimbaji wote chini yako."

"Kwenye shimo langu?"

"Punguza sauti, majirani."

"Wasikie! Na mama nakwenda kumwambia sasa hivi."

Hapo ndipo kaka alipomtazama usoni. "Mama anajua. Fomu inataka shahidi. Ameweka dole gumba mwenyewe. Alisema wewe ukipewa, utauza kabla mwezi haujaisha."

Matusi Ulimi alikuwa nayo tele. Akayaacha. Akachukua sururu yake nyuma ya mlango.

"Unakwenda wapi sasa?"

"Kuchimba kwa watu baki."

Njia ya stendi inapita kwa mama. Alikuwa uani anafagia.

"Mwanangu, mbona na sururu saa hizi? Njoo ule kwanza."

Ulimi akapita.