Watoto Wasio na Urefu

Jumatatu asubuhi Aikande Nnko alifungua ofisi ya mradi kama kawaida yake. Alisukuma dirisha la upande wa mlima, akafuta vumbi la kompyuta kwa kipande cha flana, akabandika birika la chai. Kisha akakaa na kuiagiza programu ya takwimu ihesabu miguu ya watoto wa kijiji cha Oldonyo Sambu. Programu ilifikiri kwa muda wa mtu kumenya kitunguu, halafu ikatoa jibu, na jibu lilikuwa zuri: matege ni machache, maji hayana neno. Alipotoka kwenda kumimina chai akawakuta watoto wenyewe wamekaa kibarazani. Walikuwa wameegemea ukuta na kunyoosha miguu mbele yao, kwa kadiri ilivyokubali kunyooka.

Walikuwa kama thelathini. Kila mmoja alikuja na kile alichokuwa nacho mkononi wakati ule. Mmoja alikuwa na gunzi lililopukuchuliwa upande mmoja. Mwingine alikuwa na mwiko wenye uji uliokuwa unaanza kukauka. Msichana wa miaka minane hivi, aliyejifunga rubega nyekundu juu ya sketi ya shule, alishika kamba, na kwenye mwisho wa kamba hapakuwa na ndama.

"Shikamoo," msichana alisema.

"Marahaba, mwanangu. Unaitwa nani?"

"Nembris."

Aikande alilijua jina hilo kwa sababu yeye mwenyewe ndiye aliyeliingiza kwenye kompyuta, hilo na majina mengine yote. Alirudi ndani akalisoma jibu upya. Chini kabisa, kwa herufi za kujificha, programu ilikuwa imeandika kwamba watu kadhaa wameachwa kwa kukosa kipimo. Akawatafuta ni akina nani. Walikuwa wale wa kibarazani, bila kuzidi wala kupungua.

Kipimo walichokosa ni urefu. Wapimaji wa mradi walikwenda Oldonyo Sambu na kibao cha mbao ambacho mtoto hukiegemea akiwa wima, visigino, makalio na kisogo vikagusa ubao. Mtoto ambaye maji ya kule yamempinda mifupa hawezi kugusa hivyo. Wapimaji hawakutaka kuandika uongo, wakaiacha nafasi ya urefu wazi. Nayo programu ilikuwa na tabia yake: mtu akikosa kimoja tu katika yale inayoyauliza, humwacha mtu huyo kabisa, hata kama mengine yote anayo. Kwa hiyo waliobaki kwenye hesabu walikuwa wale wenye miguu iliyonyooka, na hesabu ikasema miguu ya Oldonyo Sambu imenyooka.

Jambo lenyewe halikuwa dogo. Juu ya kijiji kulikuwa na chemchemi ya maji baridi, matamu, yasiyo na madini yale ya kugeuza meno rangi ya chai. Ripoti ikionyesha watoto wanaharibika, bomba lingeshushwa kijijini. Isipoonyesha, maji yangekwenda kwenye shamba jipya la maua, ambalo mwenye shamba alishayaomba, na mabomba yake yalikuwa yamelazwa kando ya barabara yakisubiri. Ripoti ilikuwa iondoke Ijumaa.

Daktari Romanus, mkuu wa mradi, aliingia saa tatu na suti yake ya kaunda. Alipita katikati ya miguu ya watoto kwa uangalifu asimkanyage mtu.

"Hawa ni wa nani?"

"Ni wale walioachwa, Daktari."

"Basi wasikae mlangoni. Wageni watajikwaa."

Mchana dereva Philemoni aliwapakia kwenye Land Rover awarudishe makwao. Baada ya Ngaramtoni alitazama kioo akaona viti vitupu, lakini kwa kuwa alishatumwa aliendelea hadi mwisho wa safari. Mama yake Nembris alimpokea barabarani na kibuyu cha maziwa. Aliporudi mjini watoto walikuwa kibarazani, na gari lilikuwa na vumbi bila alama ya kiganja hata kimoja.

"Mama yake anasema hana ugomvi na wewe," Philemoni alimwambia Aikande. "Ila ndama anamsumbua, na yeye ana mgongo. Anaomba mtoto arudi kabla ya mnada. Na mimi naomba mafuta mengine."

"Nitamrudisha."

"Kwa gari gani? Hili limeshindwa."

Mwisho wa kitabu kinene cha programu paliandikwa anwani ya kundi la majadiliano. Watumiaji wa programu ile, popote walipo duniani, huandikiana kwa barua pepe, anayekwama akauliza na anayejua akajibu, na kila barua humfikia kila mmoja. Jumanne Aikande alikwenda kwenye duka la Hafidha, nyuma ya Soko Kuu. Hafidha alikuwa binti wa Kirangi aliyezaliwa mjini. Tangu mambo ya simu yaachiwe watu binafsi aliondoa vitenge vya marehemu mama yake kwenye rafu, akaweka simu, faksi na kompyuta moja yenye intaneti, na juu ya kompyuta akatandika kitambaa cha kufuma.

Aikande aliandika kama alivyolelewa. Alieleza kwamba yeye ni mzima, kwamba mvua za Meru zimechelewa, kwamba anatumaini wao na familia zao hawajambo, na kwamba anaomba kujiunga. Alituma. Jibu lilirudi kabla Hafidha hajamaliza kumchenjia mteja.

"Shoga, umesalimia mashine," Hafidha alisema akisoma begani kwake. "Tazama. Kila mstari wako inakujibu haiuelewi. Mvua haiielewi. Familia haiielewi."

"Sasa mtu unaingiaje kwa watu bila kusalimia?"

"Huyu ni bawabu. Watu wako ndani. Bawabu mpe neno moja na jina lako, upite."

Akampa neno moja na jina lake. Bawabu akamwuliza kama kweli ni yeye, akajibu ni yeye, akapita. Baada ya hapo barua za wengine zilianza kushuka kama maji ya bati: mtu wa nchi ya baridi amekwama kuchora mistari miwili kwenye karatasi moja, mwingine analalamika disketi imegoma, wawili wanabishana kuhusu wastani mpaka mtu unaona haya kusoma. Hakuna aliyemjulia mwenzake hali. Aikande alisoma kidogo, halafu akaandika swali lake. Lakini sasa alikuwa ameingia ndani kwa watu, na moyo ulikataa kuanza na shida. Alisalimia wazee wa kundi kwanza, akasema anatoka wapi, akaeleza kibao na watoto na kibaraza, akamaliza kwa kuwakaribisha wote Arusha.

Jumatano majibu yalikuwa mengi. Mtu mmoja alisema hapa si mahali pa kusimulia maisha, swali liwe fupi. Wa pili alisema huo ni utovu wa adabu, mgeni apokewe. Wa tatu aliwaambia wote wawili wakagombane nje. Hadi saa saba mchana kundi zima lilikuwa linajadili kama salamu ziruhusiwe, na swali la Aikande lilikuwa limefunikwa chini kabisa.

"Wamekukaribisha," Hafidha alisema. "Hapa ndipo penyewe. Ni kama kwenye harusi ya kwetu."

Aikande hakucheka. Asubuhi ile Philemoni alileta habari nyingine. Mwalimu wa Oldonyo Sambu, akiita mahudhurio, alikuwa hasiti tena akifika kwenye majina yale. Alipita moja kwa moja. Mwenye duka alikuwa amewauliza akina mama kwa nini wananunua madaftari mengi kuliko watoto walio nao. Na Nembris, alipoulizwa ndama wake anaitwaje, alifikiri sana, akaizungusha kamba kwenye kidole, akasema lilikuwa jina zuri.

Alhamisi umeme ulikatika tangu asubuhi. Aikande alikaa dukani kwa Hafidha akitazama kioo cheusi cha kompyuta. Hafidha alimletea chai ya tangawizi, akaisahau ikapoa mbele yake. Umeme uliporudi saa nane, aliandika mistari mitatu tu: nimeuliza miguu, maji na urefu; wasio na urefu wameachwa; nifanye nini warudi. Hakuweka hata hamjambo. Alijisikia kama mtu aliyeingia nyumba ya watu, akapita sebuleni kimya na kwenda kufunua chungu.

Jibu lilitoka kwa mtu wa Chile aliyejiandika Ignacio tu. Naye hakusalimia. Aliandika: Kama unataka kujua miguu na maji, kwa nini uliuliza urefu? Utoe kwenye agizo. Usibuni namba za kujaza pale palipoachwa wazi.

Aikande alirudi ofisini mbiombio, kanga ikimteleza mabegani. Watoto walimpisha. Alikaa, akaandika agizo lilelile, akaondoa neno urefu na kubonyeza. Kupitia dirishani aliona kibaraza kikipungua kuanzia upande wa lango, mtoto mmoja mmoja, kama mtu anayekunja mkeka. Nembris alikuwa karibu wa mwisho. Alisimama, akaipungia ofisi mkono wenye kamba, akaenda zake. Kwenye kioo jibu jipya lilikuwa limetoka: karibu nusu ya watoto wa Oldonyo Sambu wana matege, na kadiri maji ya mahali yanavyozidi kuwa na madini, ndivyo matege yanavyozidi.

Alilichapisha akampelekea Daktari Romanus. Daktari alilisoma lote, akavua miwani, akaifuta, akalisoma tena.

"Kazi nzuri," alisema. "Lakini urefu uko wapi?"

"Nimeutoa, Daktari. Ndio unaowatoa watoto."

"Aikande, dada yangu. Nchi zote za mradi zinapeleka urefu. Mkataba unasema urefu. Nikipeleka bila urefu, wanairudisha, na hatutakuwa na ripoti kabisa."

"Ikienda na urefu inasema uongo."

"Inasema kile ilichoulizwa. Na chini imeandika kwamba wapo walioachwa. Hakuna aliyefichwa."

"Wakirudi hawa watakaa wapi?"

Daktari Romanus alikipima kibaraza kwa macho kupitia dirishani. Hakuwa mtu mbaya. Krismasi iliyopita alimnunulia kila mfanyakazi kilo ya nyama.

"Kibaraza ni kirefu," alisema.

Aikande aliondoa mikono kwenye kibodi, akaiweka mapajani. Alisema yeye hatabonyeza. Daktari akasema hamlazimishi mtu, akavuta kiti, akaliandika neno urefu kwa kidole kimoja, herufi baada ya herufi, akabonyeza mwenyewe. Walirudi jinsi walivyoondoka. Kiganja cha Nembris kilikuwa bado kimelowa mate ya ndama.

"Anaitwa Sero," Nembris alimwambia Aikande haraka, kabla halijampotea. "Nishikie hilo jina, shangazi."

Ripoti iliondoka Ijumaa kwa basi la asubuhi. Ilipokewa vizuri na ikasifiwa kwa kufuata utaratibu. Mabomba yaliyokuwa kando ya barabara yalifukiwa, na maji ya chemchemi yakaanza kwenda kwenye maua. Kuna jioni malori yenye majokofu yalipita mbele ya ofisi yakielekea uwanja wa ndege, na upepo ukiwa wa upande ule ilisikika harufu ya waridi hadi ndani.

Akina mama wa Oldonyo Sambu walizoea kuja siku za soko. Walileta maziwa, wakawanyoa watoto nywele, wakawapima sketi mpya, kwa sababu watoto waliendelea kukua ingawa hakuna aliyejua wamefikia wapi. Mlinzi Athumani hakuwaandika kwenye kitabu cha wageni, wala hakuwazuia. Mama yake Nembris alikuwa akikaa na Aikande kwenye ngazi wakizungumza habari za maharage na wifi zao. Hakumlaumu hata siku moja, na Aikande angeona heri amlaumu.

Kwenye kundi la majadiliano ulikuwepo utaratibu kwamba aliyesaidiwa huwaeleza wote mwisho wake. Aikande aliandika kwamba njia ya Ignacio imefaulu na kwamba haikutumika. Wachache walimpongeza kwa kufaulu.

Miezi ilipita, na intaneti ikafika hadi ofisini. Siku moja ilikuja barua ya mtu aliyesema anafanya kazi ya takwimu za viwanda, kwenye mji ambao Aikande hakuwahi kuusikia. Alisema programu imewaacha wafanyakazi wasiokuwa na tarehe ya kuajiriwa, na sasa wamejaa kwenye ukumbi wa jengo lake. Alisema haulizi namna ya kuwarudisha, hilo bosi wake amekwisha kulikataa. Anauliza wenzake wao huwakalisha kwenye nini. Majibu yalikuwa mafupi. Mmoja aliandika viti vya kukunja. Mwingine aliandika mabenchi, lakini yasiwe ya chuma. Mtu wa Chile aliandika kwamba kwake wamejaa hadi kwenye ngazi, na magodoro ya zamani yanafaa.

Aikande aliandika: Majamvi. Mabenchi huwaumiza miguu.

Alikuwa bado hajafunga barua hiyo wakati Daktari Romanus alipoingia na disketi za Kikwe, kijiji kingine cha mradi. Wapimaji walikuwa wamemaliza kule jana, alisema, na ripoti inatakiwa mwisho wa wiki, kwa agizo lilelile. Aliziweka mezani, akaondoka.

Aikande alizitazama. Kisha akatoka, akawaomba watoto wa Oldonyo Sambu wasogee kidogo upande wa lango, akatandika jamvi la pili mpaka kwenye kona, akalifagia. Ndipo akarudi ndani.